Udahili wa Mwaka Mmoja, Bajeti ya Miaka Mitatu: Hesabu Inayovikabili Vyuo Vikuu Vidogo vya Makanisa

Kila dirisha la udahili linapofunguliwa, macho ya wazazi na wahitimu wa kidato cha sita huelekezwa kwenye sifa za kujiunga na orodha za waliochaguliwa. Kwa vyuo vikuu vidogo vinavyomilikiwa na makanisa, msimu huo una uzito wa ziada, kwani huamua kama chuo kitamudu kulipa mishahara na kuendesha maabara kwa miaka kadhaa ijayo.

Mchango wa vyuo hivi katika elimu ya juu nchini ni mkubwa. Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kilianzishwa mwaka 1998 na Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania huko Nyegezi, Mwanza. Makumira, mkoani Arusha, ilianza kama chuo cha theolojia cha Walutheri kabla ya kupanuka na kuwa chuo kikuu. Kanisa Anglikana lilianzisha Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana, Dodoma, mwaka 2007, mwaka ambao Chuo Kikuu cha Dodoma nacho kilianza kazi katika mji huo huo.

Tofauti kati ya majirani hao wawili wa Dodoma inaeleza kiini cha suala hili. Mishahara ya watumishi wa chuo cha umma hulipwa na Hazina, ilhali ile ya chuo cha kanisa hutegemea zaidi ada za wanafunzi. Kwa kawaida kanisa huleta usimamizi, jina linaloaminika na pengine ardhi na majengo, lakini sadaka za waumini haziwezi kubeba gharama za kila mwezi za chuo kikuu.

Chukulia mfano wa chuo kilichopanga kudahili wanafunzi 400 wa shahada ya miaka mitatu kwa ada ya shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Wakiripoti 300, pengo la mwaka wa kwanza ni shilingi milioni 150. Hata hivyo, wanafunzi 100 waliokosekana hawatakuwapo mwaka wa pili wala wa tatu, hivyo hasara kamili hufikia shilingi milioni 450. Mhadhiri anayefundisha darasa la wanafunzi 60 hulipwa mshahara ule ule darasa linapobaki na 45.

Kosa linaloweza kukigharimu chuo ni kupanga bajeti kwa kutazama idadi ya waliochaguliwa. Tangu mwaka wa masomo 2017/18, waombaji hutuma maombi moja kwa moja vyuoni badala ya kupangiwa kupitia mfumo wa pamoja. Mwombaji mmoja anaweza kuchaguliwa na vyuo kadhaa, kisha akathibitisha kimoja tu. Mjini Iringa, kwa mfano, mwombaji wa ualimu anaweza kulinganisha Chuo Kikuu cha Iringa cha Walutheri, Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha na Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa, ambacho ni cha umma. Kwa hiyo, idadi ya kutegemewa ni ya wale waliosajiliwa na kuanza kulipa.

Jambo la pili ni wakati wa fedha kufika. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004, huwakopesha pia wanafunzi wenye sifa walio katika vyuo binafsi, na sehemu ya ada hulipwa chuoni. Malipo kwa wanaoendelea hutegemea matokeo yao ya mitihani kuwasilishwa. Chuo kinachochelewa kuyakamilisha matokeo hayo hujicheleweshea fedha chenyewe.

Pengo linapokuwa kubwa, huja kishawishi cha kufungua programu nyingi bila wahadhiri wa kutosha au kulegeza sifa za udahili. Njia hiyo ina mwisho wake. Mwaka 2017, baada ya uhakiki wa ubora, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Zuio la namna hiyo hukata mapato ambayo chuo kilikuwa kikiyatafuta, na wanafunzi waliomo hubaki na wasiwasi juu ya hatima ya masomo yao.

Uimara wa vyuo hivi utatokana na uamuzi mgumu unaofanywa mapema: kuwa na programu chache zenye wahadhiri kamili, kushirikiana katika maktaba na maabara, kupanga matumizi kwa idadi ya chini inayoweza kuthibitishwa, na kuweka akiba katika miaka ya neema. Makanisa yenye vyuo zaidi ya kimoja yana wajibu wa kujiuliza kama kila kimoja kinaweza kujitegemea.

Kwa upande wao, wazazi na waombaji wanashauriwa kusoma mwongozo wa udahili wa TCU, kuhakikisha kuwa programu wanayoitaka imeidhinishwa, na kudai mchanganuo kamili wa ada na michango mingine kabla ya kuthibitisha chuo. Ada ya mwaka wa kwanza ni mwanzo tu wa safari ya miaka mitatu, kwa familia kama ilivyo kwa chuo.