Lami ya Matulo Haitengenezi Injini

Bungoma ilipojiandaa kwa Sikukuu ya Madaraka ya 2024, kiwanja kidogo cha ndege cha Matulo, pale Webuye, kilikarabatiwa. Tangu hapo kila anayekizungumzia anataka barabara ya kurukia irefushwe na safari ziongezwe. Sipingi lami. Kinachonikera ni kwamba usalama wa abiria umegeuzwa suala la mita za lami, na hali ya ndege yenyewe haiulizwi.

Najua lami ina kazi yake. Januari 2003 ndege iliyobeba mawaziri iligonga nyaya za umeme ikiondoka Busia, na Waziri wa Kazi Ahmed Khalif akafariki. Najua pia si kila ajali ni ya fundi: ndege aina ya Caravan iliyotoka Kitale Juni 5, 2018 iligonga milima ya Aberdare, wakafa wote 10 waliokuwamo. Na wenye ndege husema spea ni ghali. Sawa.

Lakini tazameni tunakoishi. Kitale iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya pistoni isiyo na turbo hupoteza karibu sehemu moja kwa tano ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Mombasa. Jua la Februari huipunguza zaidi. Rubani wa Cessna ndogo iliyojaa watu hana akiba. Silinda iliyochoka, ambayo pwani ingemtetemesha tu, huku inaweza kumnyima kimo cha kuruka miti.

Ndiyo maana ukaguzi wa kila saa 100 za kuruka ni muhimu: fundi hupima mgandamizo wa kila silinda, huchomoa plagi, hukata chujio la oili kutafuta chembe za chuma. Zikifika saa 2,000 hivi, injini nyingi za aina hiyo zinatakiwa kufumuliwa na kuundwa upya. Siku zote hizo ndege imekaa chini, haiingizi shilingi, na anayemlipa fundi ndiye huyo huyo anayetaka iruke kesho. Saini ikiwekwa bila spana kushikwa, nani atajua?

Abiria hawezi kujua. Akipanda matatu Webuye kwenda Kitale, huisikia injini ikikohoa, akashuka Kamukuywa na kudai nauli yake. Angani hakuna Kamukuywa.

Aprili 18, 2024, mkuu wa majeshi, Jenerali Francis Ogolla, na wanajeshi wengine tisa walikufa helikopta yao ilipoanguka Elgeyo Marakwet. Karibu mwaka mzima ulipita kabla ya bunge kuelezwa kwamba injini ilipoteza nguvu ghafla. Kama jibu kuhusu mkuu wa majeshi lilingojewa hivyo, mama wa abiria wa kawaida angoje hadi lini? Tumechoka kupewa rambirambi za siku hiyo hiyo na maelezo ya mwaka ujao.

Mamlaka ya Usafiri wa Ndege (KCAA) itangaze hadharani, kwa kila ndege inayobeba abiria wa kulipa, namba ya usajili, tarehe ya ukaguzi wa mwisho na saa za injini. Hayo tayari huandikwa katika madaftari ya ndege. Waheshimiwa wa Bungoma na Trans Nzoia, dai hilo lipelekeni bungeni kabla ya kuomba mita nyingine ya lami Matulo.