Waganga Wengi, Mgonjwa Mmoja

Wapo wahakiki waliokwisha kuihukumu Kufikirika ya Shaaban Robert kuwa ni ngano ya maadili basi: nchi isiyokuwapo, mfalme asiye na mrithi, mtoto apatikanaye kwa taabu, na mafunzo ya kufungia hadithi. Hukumu hiyo ni ya uvivu. Kitabu hicho, kilichochapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mtunzi wake kufariki, ni mashitaka dhidi ya dola katika jambo la afya. Asiyeliona hilo amesoma jalada.

Na atazamwe mfalme anavyotenda. Utasa umeingia nyumbani mwake, mara dola nzima inageuka hospitali. Wanaitwa waganga wa mizizi, wa mafusho, wa hirizi, wa makafara, wa mazinguo, pamoja na watabiri. Kila kundi lina fani yake na zamu yake. Kwa lugha ya leo, hiyo ni wizara ya afya kamili, yenye idara na mabingwa wake. Mgonjwa wake ni mmoja, naye yumo kasrini.

Watetezi watasema kuwa mrithi wa kiti ni jambo la nchi. Mfalme akifa bila mwana, nchi hutikisika. Hoja hiyo ingekuwa na uzito lau hadithi ingekomea hapo. Lakini mtoto anapougua, watakiwa watu wawili, mjinga na mwerevu, wachinjwe kuwa kafara ya uzima wake. Ndipo raia anapoingia katika tiba ya Kufikirika, na anaingia akiwa dawa.

Je, nchi hiyo haipo? Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi mjini Abuja kuitengea afya angalau asilimia 15 ya bajeti zao. Waliotimiza ni wachache. Rais Levy Mwanawasa wa Zambia alifia Paris mwaka 2008. Omar Bongo wa Gabon, Barcelona, mwaka 2009. Michael Sata, wa Zambia vilevile, London, mwaka 2014. Mtu hakatazwi kuufuata uzima popote ulipo, wala mauti hayachagui mji. Aibu ni ya dola inayompakia mmoja katika ndege, huku mja mzito wa kijijini akiambiwa aende kujifungua na glavu zake mkononi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye hospitali ng'ambo haijui zahanati isiyo na dawa.

Kiswahili kimelitunza neno moja, mganga, kwa mchimba mizizi na kwa Mganga Mkuu wa Serikali pia. Neno hilo limebeba swali ambalo Kufikirika inaliweka mbele ya kila mtawala: mganga huyu anamganga nani? Wizara isiyoweza kulijibu mlangoni pa zahanati, mbele ya foleni ya alfajiri, hata ikiwa na jengo na bendera, makao yake yako Kufikirika.