Sahihi Shingoni mwa Chungu

Methali "Mfinyanzi hulia gaeni" hutajwa mara kwa mara katika mihadhara ya fasihi simulizi, lakini ni nadra kumsikia mwanafunzi akiuliza mfinyanzi huyo ni nani. Mitaboni, katika Kaunti ya Machakos, swali hilo lina jibu: ni mwanamke. Katika jadi ya Wakamba ufinyanzi ni kazi ya wanawake. Mama huuponda udongo, akauchanganya na mchanga ili chungu kisipasuke motoni, kisha akakiumba kwa mikono, bila gurudumu. Nakshi hutiwa udongo ukiwa na unyevunyevu. Si maji tena, wala haujakauka. (Wanaopenda kunukuu "Udongo uwahi ungali maji" wangefaidika kushinda naye siku moja.) Hatimaye vyungu huchomwa peupe kwa kuni na nyasi.

Karibu na nakshi, mfinyanzi wa jadi aliweka pia alama yake mwenyewe. Aliyepikia isyo katika mbisu imara angeweza kujua amrudie nani; ikipasuka mapema, alijua pia wa kumlaumu. Hiyo ni sahihi ya mtunzi. Kwa hivyo wahakiki wanaodai kuwa sanaa jadi haina mwenyewe wanakosea. Wanakosea vilevile wanaoisifu nakshi huku chungu kimewekwa rafuni pamoja na maua ya plastiki. Alama ile ilikuwa dhamana ya chombo cha kupikia. Kisipotiwa motoni, haidhamini chochote. Mhadhiri anayetaka kuifundisha methali hiyo na aanze kwa kununua chungu, akipikie maharagwe.