Kisukari: Tusihukumu kwa Asili Wala kwa Kitambi

Mazoea ya kuyagawa maradhi kwa watu wake ni ya siku nyingi visiwani mwetu. Kisukari kimehesabiwa kuwa maradhi ya Wahindi, ya matajiri na ya wenye vitambi. Mkulima mwembamba wa shamba, au mvuvi anayeamkia baharini kila alfajiri, hudhani kwamba hakimhusu. Na pengine hata anayempokea kituoni hudhani vivyo hivyo. Fikra hii ni ya hatari, na inafaa ipimwe kwa makini, kwa sababu ndani yake mna chembe ya ukweli iliyochanganyika na upotofu mwingi.

Chembe hiyo ya ukweli ni hii. Insulini hutengenezwa na kongosho, na kazi yake ni kuiwezesha sukari iliyomo damuni kuingia katika misuli na viungo vingine ili itumike. Kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho cha wagonjwa walio wengi, huja pale mwili unapoacha kuitii insulini, au kongosho linaposhindwa kuitoa kwa kiasi cha kutosha. Na mara nyingi mambo hayo mawili huenda pamoja. Wataalamu waliokusanya vipimo vya mataifa mbalimbali na kuvichapisha mwaka 2013 walionyesha kwamba watu wenye asili ya Afrika, kwa wastani, hutoa insulini nyingi kwa kuwa miili yao huitii kidogo. Watu wa Asia ya Mashariki huitii vyema lakini hutoa kidogo, kwa hiyo kongosho lao huweza kuelemewa hata kabla hawajanenepa. Nao wenye asili ya Bara Hindi hukusanya mafuta tumboni wangali wanaonekana wembamba. Ndiyo maana mwaka 2004 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walishauri kwamba kwa watu wa Asia tahadhari ianzie kwenye 23 katika kipimo cha uwiano wa uzito na urefu, isingojee 25.

Lakini wastani wa kundi si hali ya mtu mmoja mmoja, wala asili si hukumu. Uchunguzi uliofanywa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1991 ulizilinganisha jumuiya mbalimbali za Wahindu wa mji huo, ukaona kwamba viwango vyao vya kisukari vimeachana mno. Watu ambao sisi tungewaita kwa jina moja hawakuwa na hatari moja. Katika kisiwa cha Morisi, ndani ya Bahari hii hii ya Hindi, watu zaidi ya 5,000 walipimwa mwaka 1987: Wahindu, Waislamu wenye asili ya Bara Hindi, Wachina na Wakrioli wenye damu ya Afrika. Katika kila kundi zaidi ya mtu mzima mmoja kati ya kumi alikuwa na kisukari. Kilichowaunganisha ni maisha ya kisiwa kimoja.

Hapa Tanzania ushahidi uko wazi zaidi. Uchunguzi wa vijiji vya Tanzania Bara uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wazima chini ya mmoja katika kila mia. Mwaka 2012, uchunguzi wa Tanzania Bara kwa watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1. Kweli, vipimo hivyo viwili havikufanywa kwa njia moja, na wa pili uliwahesabu pia watu wa mijini. Hata hivyo damu ya taifa haibadiliki katika muda wa miaka 23. Yaliyobadilika ni chakula, kazi na mwendo wa maisha.

Wala wembamba si kinga. Huko Uganda, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba karibu theluthi ya watu wazima waliogunduliwa karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili hawakuwa wanene, na tatizo lao kubwa lilikuwa upungufu wa insulini. Tena kukonda kwenyewe ni dalili mojawapo ya maradhi haya. Kumrudisha mtu nyumbani bila kumpima kwa sababu ni mwembamba ni kuichukua dalili na kuifanya ushahidi wa uzima.

Kwa wenye dhamana ya afya, Morisi ina funzo jingine. Serikali ya huko ilibadilisha mafuta ya kupikia yaliyotumiwa na wananchi, na kwa muda wa miaka mitano, hadi 1992, kiwango cha kolesteroli kikashuka sana. Lakini unene uliongezeka, na kisukari hakikupungua. Amri ya serikali inaweza kubadilisha kilichomo chunguni. Peke yake haitoshi kuubadilisha mwenendo wa watu wazima.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, kila kituo cha afya, Unguja na Pemba, kimpime sukari kila aliyetimiza miaka 40, na kila mwenye kiu isiyokwisha, mkojo wa mara kwa mara au kidonda kisichopona, awe wa asili yoyote na umbo lolote. Mashine bila vijiti vya kupimia ni pambo la meza, basi vijiti visikosekane. Pili, kiuno nacho kipimwe kwa utepe, kwani mizani peke yake huyaficha mafuta ya tumboni. Tatu, skuli ziwe mahali pa kuanzia kupunguza soda na kurudisha michezo, maana mazoea ya utotoni ndiyo yanayomfuata mtu ukubwani.

Nao wananchi wasingoje kuitwa. Aliyeziona dalili hizo kwake au kwa mzee wake aende kituoni na aombe apimwe. Kisukari kinachogunduliwa mapema hutunzika. Kinachochelewa hula macho, figo na miguu, na hapo jamaa nzima hubeba mzigo.