"Nexus" si urembo wa kichwa cha utafiti

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Jana kwenye semina kaka mmoja kawasilisha pendekezo lake la utafiti. "Nexus" kaitamka mara sita, na kwenye kichwa cha habari imo! Nikamuuliza maana yake. "Uhusiano tu, dada." Sasa si uandike uhusiano? Darasa zima likacheka, mimi ndo nikaonekana mnoko.

Haya, nimalizie hapa. Neno limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini nectere, kufunga pamoja. Nexus ni kifungo, ni fundo. Tena Warumi walimwita hivyohivyo mtu: nexus alikuwa mdaiwa aliyefungwa kwa deni. Mkataba wenyewe, nexum, ulifanywa kwa shaba na mizani mbele ya mashahidi. Dhamana ni mwili wako. Ukishindwa kulipa, unamtumikia aliyekukopesha. Mwanahistoria Livy anasimulia kijana aliyejiweka rehani kwa deni la baba yake. Mdai akamtaka kimapenzi, kijana akakataa, akachapwa viboko. Watu wakalipuka mjini, na mwaka 326 K.K. ikapitishwa Lex Poetelia: idaiwe mali, sio mwili.

Kiswahili chenyewe kinalijua hilo bila Kilatini. Kifungo cha shati, kifungo cha miaka mitano, wote watoto wa "funga".

Mtasema lugha inabadilika. Sawa, lakini wanaolitumia kazini bado wanataka kuliona fundo. Marekani, hadi kesi ya Wayfair mwaka 2018, jimbo halikuweza kumlazimisha muuzaji wa nje akusanye kodi ya mauzo kama hana hata ghala au mfanyakazi pale. Nexus hakuna, basi tena.

Sasa "nexus ya umaskini na elimu ya msichana" imefungwa na nani? Ada? Ng'ombe wa mahari? Mwandishi hasemi. Neno linamkinga asiulizwe, na hapo ndipo ugomvi wangu ulipo.

Mkitaka nexus halisi, kumbukeni fomu tuliyosaini ili tupate bumu. Tangu sheria ibadilishwe 2016, ukiajiriwa inakatwa asilimia 15 ya mshahara. Hapo aliyefunga anajulikana, na aliyefungwa ndo huyu anayewaandikia.

Semina ijayo nauliza tena, cheka usicheke. Ngoja niwahi kutoa kopi ya desa kabla foleni haijawa ndefu.