Daftari la Wiki: Mtetea Akilalia Mayai

Jumatatu

Mtetea akiacha kutaga, akang'ang'ania kiota na kuvimbisha manyoya kila mtu anaposogea, wengi wetu humpa mayai siku hiyo hiyo. Mimi nashauri asubirishwe. Mwekee mayai viza mawili ashikilie kiota, mpaka mitetea wengine wawili watatu nao waanze kulalia. Kisha yaondoe hayo viza, uwape wote mayai mazima jioni moja.

Faida yake inaonekana siku ya 21, wakati vifaranga wote wanapotoka wakiwa rika moja. Usiku, kukiwa giza, wakusanye uwapeleke kwa mtetea mmoja au wawili wanaojua kulea. Kuku wa kienyeji mwenye mwili mzuri anaweza kutembea na vifaranga 25 hivi wakati wa joto. Msimu wa baridi wapunguze, maana mabawa yake hayatawafunika wote. Mitetea waliobaki, wakikaa siku chache mbali na viota, penye mwanga, wakapata chakula na maji ya kutosha, mori wa kuatamia unawatoka na wanarudi kutaga.

Nalisisitiza hili kwa sababu ndipo mfugaji mdogo anapopoteza mwaka wake. Kuku wa kienyeji anayeachiwa kila kitu hutaga mayai 12 hadi 15, huatamia wiki 3, halafu huzunguka na watoto miezi miwili au mitatu. Mizunguko mitatu, na mwaka umekwisha. Tunamwita kuku wa mbegu duni, kumbe kinachomlia siku ni malezi, na malezi tunaweza kuyagawa.

Jumanne

Swali la dada mmoja sokoni: mayai ya kuatamisha yakae siku ngapi? Yasizidi 7, yakiwa mahali pa ubaridi, ncha iliyochongoka ikitazama chini. Usiyaoshe, kwa kuwa ganda lina utando wake wa kuzuia vijidudu. Chagua ya ukubwa wa kati, yasiyo na ufa wala umbo la ajabu. Kumi hadi 13 yanamtosha kuku mmoja. Ukimjazia 18, ya pembeni yanapoa, naye akiyazungusha yanabadilishana nafasi, hivyo baridi inayafikia mengi.

Weka alama ya mkaa kwenye kila yai. Mitetea wengine hupenda kuja kutaga kwenye kiota chenye mwenyewe, na bila alama hutajua yai la jana ni lipi.

Jumatano

Nimeangalia viota kwenye mabanda ya majirani. Kinachonisikitisha ni utitiri. Kuku anayeatamia hukaa palepale mchana na usiku, na wadudu hao humnyonya damu usiku kucha. Akikimbia kiota siku ya 12 tunasema ana roho mbaya. Hana kosa lolote. Kabla ya kumwekea mayai, choma nyasi za zamani, tandika mchanga na majivu, weka nyasi kavu mpya, na umpake kuku mwenyewe dawa ya unga ya wadudu kutoka duka la mifugo. Kazi hiyo ifanyike mapema, kwa kuwa vifaranga wachanga hawastahimili dawa kali.

Chakula na maji viwe karibu. Mtetea mwema hutoka mara moja kwa siku, dakika 20 hivi: anakula, anakunywa, anajisaidia, anaoga vumbi, anarudi mbio. Akilazimika kuzunguka kijiji kizima kutafuta punje, mayai yanapoa.

Siku ya 7, usiku, pima mayai kwa tochi. Lenye uhai utaliona lina mishipa myekundu iliyotanda kama utando wa buibui. Lililo jeupe tupu halikurutubishwa, litoe. Rudia siku ya 14. Viza likipasuka ndani ya kiota huchafua mayai mengine yote.

Alhamisi

Kuku wetu anaweza kuangua hata wasio wake. Mayai ya kanga yanahitaji siku 26 hadi 28, na wafugaji wengi wa kanga humtegemea kuku kwa sababu kanga jike huwaburuza watoto kwenye nyasi zenye umande wakafa. Ila usichanganye mayai ya kanga na ya kuku chini ya mtetea mmoja: ya kuku yakianguliwa, atainuka na watoto na kuyaacha mengine.

Hapo hapo niseme juu ya machotara. Wanakua haraka na wanataga vizuri, lakini wengi wao hawaatamii. Aliyeuza mitetea wake wote wa kienyeji ili afuge chotara atanunua vifaranga kila msimu, au atafute mashine na umeme usiokatika. Kuku mlezi hauzwi, hata wageni wakija.

Ijumaa

Kuanzia siku ya 18 mwache mtetea atulie. Kifaranga huanza kulia ndani ya yai kabla ya kutoka, na mama humjibu kwa sauti ya chini. Usimbandulie ganda kwa vidole ukidhani unamsaidia. Mishipa ikiwa bado ina damu, utamwua. Wala usihangaike akikaa siku nzima bila kula. Kiini kilichobaki tumboni kinamtosha saa 48.

Jumamosi

Kuangua ni nusu ya safari, na tena nusu nyepesi. Vifaranga wengi wa kienyeji hufa katika wiki 8 za mwanzo, na sababu zake zinajulikana: mwewe, kunguru, nguchiro, paka, mvua, baridi na maradhi. Kuwapaka rangi ya waridi ili mwewe awaogope ni ujanja ninaouona sehemu nyingi, lakini mimi nategemea zaidi tenga na wavu. Wiki 4 za kwanza wakae ndani ya tenga pana au uzio mdogo, mama akiwa nao. Chenga za mahindi peke yake hazijengi mwili. Waongezee dagaa waliosagwa, mashudu, majani yaliyokatwakatwa, na mchwa. Chungu chenye samadi na mabua yaliyoloweshwa, ukikifudikiza jioni penye njia ya mchwa, kitakupa chakula cha asubuhi bila gharama. Maji yawe kwenye chombo cha kina kifupi, wasizame.

Wakifika wiki 4, na kama hakuna baridi kali, mtenge mama. Atarudi kutaga mapema.

Jumapili

Yote haya yanaweza kufutwa na kideri kwa siku tatu. Ugonjwa huu hauna tiba, una chanjo tu. Chanjo ya I-2, inayotengenezwa hapa Tanzania, inavumilia joto kuliko za zamani: tone moja jichoni, na kurudia kila miezi mitatu. Milipuko huja zaidi kiangazi, kabla ya mvua, kwa hiyo usingoje kuku wa jirani aanze kupinda shingo.

Kichupa kimoja kina dozi za kuku wengi, na kikishafunguliwa hakikai. Mwenye kuku wanane hawezi kukimaliza peke yake. Wiki hii ongea na majirani zako, hesabuni kuku wenu pamoja, changeni bei ya kichupa, na mwiteni ofisa mifugo wa kata awachanjie wote siku moja.