Mizani ikikataa kushuka, usiache mazoezi

Kuna ugonjwa ambao haumo katika vitabu vya udaktari lakini huwapata wakazi wengi wa miji ya Meru na Embu: kukata tamaa wiki chache tu baada ya kuanza mazoezi. Mtu hununua raba, huamka alfajiri, hutembea kwa kasi kutoka Makutano hadi Gakoromone na kurudi, au kutoka Kangaru hadi katikati ya mji wa Embu, kisha Jumamosi hupanda mizani. Kilo 86. Wiki inayofuata, 86. Mwezi ukiisha, 87! Raba husukumwa chini ya kitanda, na mwenye boda boda humpata tena mteja wake wa zamani.

Maoni yangu ni kwamba mizani ni shahidi mmoja tu, tena shahidi asiyeona mambo mengi. Si haki kumwachia aamue kesi yote peke yake.

Tuanze na kilo hiyo iliyoongezeka. Misuli isiyozoea kazi huumia kidogo, huvimba na kuvuta maji. Aidha, misuli inayotumika huweka akiba ya sukari, na kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na takriban gramu 3 za maji. Ongeza chumvi ya chakula cha jana, na kwa akina mama siku zao za mwezi, na kilo 1 au 2 zaweza kupanda na kushuka bila mafuta ya mwilini kubadilika hata kidogo. Isitoshe, misuli ikijengeka huku mafuta yakipungua, mizani haijui tofauti. Kwayo, kilo ni kilo.

Jambo la pili ni hesabu. Mtu wa kilo 80 akitembea kwa kasi kwa nusu saa hutumia kalori 150 hivi. Soda ndogo ya mililita 300 ina kalori kama 130, na chapati moja yaweza kupita 200. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni kalori 7,700 hivi. Kwa hivyo anayejituza chapati mbili na soda baada ya matembezi asishangae. Uzani huamuliwa na sahani zaidi ya raba. Sisemi uache mukimo wala githeri; punguza sukari, mafuta ya kukaangia na ukubwa wa pakuo.

Je, basi mazoezi ni kazi bure? La, hasha! Mwaka wa 1953, Daktari Jerry Morris na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Madereva walikaa kitini kutwa, ilhali makondakta walipanda na kushuka ngazi za mabasi ya ghorofa. Makondakta waliugua moyo kwa kiwango cha chini kuliko madereva. Mwaka wa 1956 watafiti hao walirudi na vipimo vya suruali za sare. Waligundua kwamba kondakta, awe mwembamba au mwenye kitambi, alikuwa na hatari ndogo ya kufa ghafla kwa maradhi ya moyo kuliko dereva wa kiuno kama chake. Moyo ulikuwa umefaidika hata pale ambapo kiuno hakikupungua.

Jambo hili linatuhusu sana. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na shinikizo la damu. Kwa mgonjwa kama huyo, mazoezi ya kila mara yaweza kushusha kipimo cha juu kwa pointi 5 hadi 8, hata uzani usipotikisika. Sukari katika damu nayo hudhibitiwa vyema zaidi. Anayeacha kwa sababu ya mizani hutupa faida hizi zote bila kujua kwamba alikuwa nazo.

Basi tafuta mashahidi wengine. Chukua utepe wa fundi cherehani upime kiuno: mwanamke alenge chini ya sentimita 80, mwanamume chini ya 94. Pima shinikizo la damu kliniki. Hesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kuamka; baada ya miezi kadhaa huwa yanapungua. Miji yetu imejengwa kwenye miteremko ya Mlima Kenya, hivyo chagua mlima mmoja na uangalie unapumzika mara ngapi kabla ya kufika juu. Mizani yenyewe ipande mara moja kwa mwezi, na iwe ile ile, si ya kliniki leo na ya kando ya barabara kesho.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku 5. Tafuta mwenzako mtembee pamoja, na msiwasikilize wanaosifu kitambi kuwa ni dalili ya utajiri, wala wanaouliza mtu aliyepungua kama ni mgonjwa.

Tahadhari ni hii: ukipata maumivu ya kifua au kizunguzungu, uzani ukipanda haraka huku miguu ikivimba, au ukikonda bila sababu, mwone daktari. Wenye kisukari na maradhi ya moyo watafute ushauri kabla ya kuanza.

Lakini kama unachokiona ni mizani iliyosimama tu, toa raba chini ya kitanda. Moyo wako unafaidika hata mizani isiposema.